Mkwe Hapewi Makapi

Shangazi alikuwa amebakiwa na meno tisa, lakini yaliyokutana yalikuwa mawili tu, moja juu na moja chini, upande wa kushoto. Hayo mengine, alisema mwenyewe, yalikuwa kama majirani waliogombana: yanaonana kila siku na hayasalimiani. Kwa yale mawili alikuwa amepima mahindi ya mtaa mzima miaka nenda miaka rudi. Mtu akimaliza kuanika, anamletea punje tatu kiganjani. Shangazi anatupa moja kinywani, anaisogeza kushoto, anafumba jicho moja, kisha ka! Ikilia ka, peleka ghalani. Ikinyamaza, rudi ukaanike, na zile mbili zilizobaki usizidai.

Msimu uliopita meno yalisema ka. Magunia kumi na mawili yakapakiwa, lori likaondoka, Shangazi mbele kwa dereva na mtoto wa kaka yake juu ya magunia. Getini kwa ghala wakamkuta karani, Bwana Rudisha.

Jina lake la kweli lilikuwepo, limeandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, lakini hakuna aliyewahi kulisoma, maana watu wakifika pale walikuwa wanatazama mkono. Mkono wa kulia wa shati lake ulikunjwa hadi juu ya kiwiko, jua au baridi, na wa kushoto ulifungwa kishikizo kama wa bwana harusi. Kazi yake ilikuwa kuuzamisha ule wa kulia ndani ya gunia, kufumba macho kama mkunga anayemsikiliza mtoto tumboni, kutazama punje zilizobaki kiganjani, halafu kusema neno moja. "Ingiza." Au, "Rudisha." Ofisini kulikuwa na oveni na mizani ya kupima maji yaliyomo kwenye mahindi, lakini kipimo kimoja kilikula nusu siku, na foleni ya malori haina subira ya nusu siku.

Alizamisha. Akatazama punje za Shangazi, ndogo ndogo, za rangi mbili, zenye vumbi lao la asili.

"Rudisha."

"Mwanangu, hayo yamekauka," Shangazi akasema.

"Mama, mimi mkono wangu haujazaliwa jana."

"Na meno yangu je? Unadhani ni ya maziwa?"

Watu wakacheka, lakini lori likageuzwa. Njiani mvua ikawakuta, na turubai lilikuwa na matundu kuliko nyuzi. Magunia yote kumi na mawili yakaoza. Shangazi hakulia. Alisema tu kwamba mwaka huo mahindi yake yameoga kuliko yeye. Lakini tangu siku hiyo watu wakaacha kumletea punje tatu kiganjani, na hilo ndilo lililomwingia mtoto wa kaka yake moyoni kama mwiba wa samaki.

Huyo mtoto wa kaka alikuwa mwanamke mzima, fundi wa redio na simu, na watu walimwita Fundi bila kuongeza kitu. Alifanya kazi katika chumba kimoja na mumewe mshonaji. Upande huu cherehani na vipande vya vitambaa, upande ule waya, lehemu na redio zilizofunguliwa matumbo. Wateja walizoea kupokea suruali yenye harufu ya lehemu na redio yenye uzi mwekundu ndani.

Fundi aliazima vitabu, akasoma, akabomoa, akaunda. Alichotaka ni kitu cha kushika mkononi ambacho mkulima atakitumia uani kwake, kabla hajaita lori. Baada ya mwaka mzima akakipata. Mpini ulitoka kwenye tochi kubwa. Kioo cha kuonyesha namba kilitoka kwenye kikokotozi kilichokanyagwa na mwenyewe. Juu kulikuwa na kikombe cha bati, na ndani yake vibao viwili vya shaba vilivyotazamana. Unajaza mahindi, unabonyeza, umeme mdogo unapita kutoka kibao hadi kibao. Mahindi mabichi yanaupitisha kwa ukarimu, makavu yanaubania. Mashine inaona tofauti na kukutajia namba. Kumi na tatu na nusu kushuka chini, ghala linapokea. Ikizidi hapo, anika.

Mumewe alikishonea mfuko wenye mkanda wa begani. Shangazi alipokiona mara ya kwanza alikizunguka mara mbili.

"Kinakula mahindi, hakisemi asante, na kimekuja nyumbani kwetu na binti yetu," akasema. "Huyu ni mkwe."

Jina likashika hapo hapo.

Sasa mashine ya namna hii lazima ifundishwe. Unaipa mahindi ambayo unajua maji yake, inajifunza. Fundi akamwomba Shangazi akusanye chupa arobaini za mahindi kutoka nyumba arobaini, mabichi kwa makavu. Kila chupa ilipokuja, Mkwe alionja kwanza, kisha Fundi akasaga sehemu, akaipima uzito na kuiweka katika oveni ya mwoka mikate wa jirani kwa saa nne, akaipima tena. Uzito uliopotea ndio maji. Mwoka mikate alilalamika kwamba wateja wanauliza tangu lini mikate ikanukia bisi, lakini aliiacha oveni. Mwisho wa chupa arobaini, Mkwe na oveni walikuwa wanasema neno moja kama mtu na mwangwi wake.

Fundi akaenda ghalani kifua mbele.

Msimamizi wa ghala alikuwa mama mwenye miwani na sauti ya chini. Akatoa magunia matatu. Mkwe akasema kumi na tatu, kumi na mbili na nusu, kumi na tatu tena. Oveni ya ghala ikasema kumi na tano, kumi na nne, kumi na tano na nusu.

Bwana Rudisha akakiinamia kifaa.

"Fundi," akasema kwa upole wa mtu aliyeshiba, "hiki kitu kina undugu na redio? Labda kinashika stesheni nyingine."

Wapakiaji waliangua kicheko hadi mmoja akaliachia gunia. Mama Msimamizi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta.

"Ghala linafunguliwa baada ya wiki tatu," akamwambia Fundi. "Rudi siku mbili kabla. Nitatoa magunia kumi. Kikikosea kwa zaidi ya nusu hata kwenye gunia moja, usinirudie tena. Kikipatia yote, getini kwangu kitapima hicho, na mtu akipima kwake akaona yamekauka, hakuna wa kumrudisha. Umenielewa?"

Fundi alielewa. Alielewa pia kwamba uani kwa Shangazi magunia mengine kumi na manne yalikuwa yameanikwa, na meno mawili yale yale ndiyo mashahidi pekee.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Shangazi kuchukua chupa moja zaidi, aanze kutafuta kosa. Alipitia mlango wa uani bila kubisha. Akamkuta Shangazi amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, miwani puani, anachagua mahindi punje moja moja. Nene na nzima zinaingia kwenye chupa. Zilizovunjika, zilizosinyaa, vipande vya gunzi na makapi, vyote kwa kuku, waliokuwa wamepanga foleni kama wanaijua ratiba.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Namwandalia mkwe. Si umesema unataka chupa?"

Fundi akasimama kama aliyesahau alichokuja kufanya.

"Na zile arobaini?"

"Nilizichambua zote, mwanangu. Macho yalinitoka. Na wenzangu nao walikuwa wamezichambua kabla ya kuniletea. Mama Kuku yeye alifuta punje moja moja kwa kitambaa, nilimshuhudia." Shangazi akashusha ungo. "Kwani ulitakaje? Mtoto wa kaka yangu alete mgeni wa maana, halafu tumpe makapi? Waseme hatukufunzwa?"

Fundi akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Alianza kucheka taratibu, kicheko kikapanda, machozi yakatoka. Nyumba arobaini zilikuwa zimemkaribisha Mkwe kwa heshima zote. Kiumbe huyo hakuwahi kuona vumbi maishani mwake. Halafu akapelekwa ghalani, akawekewa mahindi kama yalivyo, na makapi yake na vipande vyake, akachanganyikiwa.

"Umeniua, shangazi," akasema akijifuta. "Nimemlea kwa sahani za harusi, kisha nikampeleka kula gerezani."

"Basi mzoeze."

"Nahitaji mahindi mabaya. Ya hovyo kabisa. Chupa sitini."

Akaenda kuyatafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba aliweka mikono kiunoni. "Nani kakwambia mimi nina mahindi mabaya? Mtaje!" Ya pili alipewa punje zinazong'aa kama vifungo vya shaba, akaambiwa, "Haya ndiyo mabaya yangu, mwanangu, unisamehe." Ya tatu mlango ulifungwa kabla hajamaliza salamu. Alirudi na chupa tupu na jua kichwani.

Shangazi alimtazama kwa huruma wanayotazamwa nayo waliosoma.

"Mtu haombwi aibu yake," akasema. "Anaombwa ya jirani."

Akachukua ndoo, akaenda bombani, ingawa mtungi wake ulikuwa umejaa. Foleni ilikuwa ndefu, na Shangazi hakuwa na haraka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba Fundi anatafuta mahindi ya hovyo kuliko yote ili aifunze mashine. "Nimemwambia hapa kwetu hayapo. Labda kwa…" Akatazama ukuta wa nyumba fulani, akashika mdomo. "Basi. Mimi nimenyamaza."

Kufikia adhuhuri yalianza kuingia. Yalikuja ndani ya karatasi, ndani ya kopo, ndani ya soksi. Kila aliyeleta aliinama karibu na sikio la Fundi na kusema, "Haya si yangu. Nimeyaokota upande wa pili wa ua." Waliyaokotaje, Fundi hakuuliza. Mama Kuku na jirani yake wa ukuta mmoja walikutana mlangoni, kila mmoja ameficha mkono nyuma.

"Hujambo, mwenzangu?"

"Sijambo, za kwako?"

"Salama. Umeleta nguo kwa mshonaji?"

"Eh, kanguo kadogo tu. Na wewe?"

"Na mimi kanguo."

Wakasalimiana hadi wajukuu, kisha wajukuu wakaisha, na hakuna aliyetaka kutangulia. Mshonaji aliacha cherehani, akajifanya anatafuta sindano chini ya meza, mabega yanamtikisika. Jioni ile Fundi alihesabu sampuli sitini na tatu, na hakuna hata moja ambayo ungempa adui yako.

Kazi ikaanza upya. Mkwe akalishwa vumbi, akalishwa makapi, akalishwa mahindi yaliyobunguliwa. Namba ziliruka kama panzi. Siku nne Fundi alipima, akafuta, akapima. Kikombe kimejaa pomoni, lakini mara kinasema hivi, mara vile.

Mumewe, aliyekuwa ametundika utepe wake wa mita shingoni akimsubiri mteja, akasema, "Hicho kikombe unapima kujaa tu?"

"Kikijaa kimejaa. Unataka nipime nini tena?"

"Mimi nikipima urefu tu, mnene na mwembamba nikawakatia suruali moja, nani atanilipa? Nacho kikombe kinaweza kujaa hewa."

Fundi akamtazama mumewe kama anayemwona mara ya kwanza. Akamimina kikombe cha mahindi safi kwenye mizani, kisha kikombe cha yale ya soksi. Vyote vilijaa hadi ukingoni. Cha pili kilikuwa chepesi. Makapi yalikuwa yanashikilia nafasi na ndani yake hakuna kitu ila upepo, na Mkwe aliuona ule upepo akadhani ni ukavu.

"Nipe springi," akasema.

"Springi gani?"

"Ile ya cherehani la zamani. Na usiulize mengi, leo nakupenda."

Springi ikawekwa chini ya kikombe. Sasa Mkwe alipima uzito kwanza, ndipo akapitisha umeme, ndipo akazungumza. Wakarudia sampuli zote sitini na tatu. Mwoka mikate alitangaza kwamba akisikia tena neno mahindi atahama nchi. Ya mwisho ilipotoka kwenye oveni yake, Fundi aliandika namba mbili kwenye daftari, ya Mkwe na ya oveni, akaziangalia, akamwonyesha mumewe. Zilikuwa sawa hadi nukta.

Siku ya mtihani mtaa ulihamia ghalani. Shangazi alivaa nguo yake ya sherehe na kubeba kigoda chake mwenyewe, maana, alisema, viti vya ofisi vina dharau. Magunia kumi yalipangwa uani. Tisa yalikuwa ya kawaida. La kumi lilikuwa wazo la Bwana Rudisha: alikuwa amekusanya yaliyofagiwa sakafuni ghala zima, punje zilizovunjika, vumbi, makapi, rangi ya majivu. Hata panya wangeomba radhi kabla ya kulila.

Shangazi alilitazama, akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Anamtisha chura kwa maji," akanong'ona. Mnong'ono wa Shangazi ulifika hadi barabarani.

Mama Msimamizi akaweka sharti moja zaidi. "Na wewe karani utaje namba yako, kwa mkono wako. Tuandike zote."

Bwana Rudisha akapandisha mkono wa shati, ingawa ulikuwa umeshapanda. Alizamisha, alifumba, alitaja. Nyuma yake Fundi alichoma kila gunia kwa bambo, kile kichuma chenye mfereji kinachotoa mahindi ya katikati, akajaza kikombe, akabonyeza. Namba zikaandikwa katika safu mbili. Kwenye gunia la kumi Bwana Rudisha hakuzamisha hata hadi kiwikoni.

"Hili hata kipofu analijua. Kumi na sita."

Mkwe akasema kumi na mbili nukta tisa.

Minong'ono ikazagaa. Mpakiaji mmoja alipiga mluzi. Fundi alihisi ulimi unakauka kuliko mahindi yoyote aliyoyapima, lakini hakubonyeza mara ya pili. Sampuli zikasagwa, unga ukaingia kwenye oveni.

Saa nne ni ndefu ukikaa unatazama mlango. Shangazi alizitumia kumuuliza Bwana Rudisha kama mkono huo anautumia pia kupima chai, na kama mkewe naye hurudishwa. Mwishowe hata karani alicheka, akaenda kukaa kivulini karibu na Shangazi.

Mama Msimamizi alitoka na karatasi. Akasoma kwa ile sauti yake ya chini, na watu mia wakasogea kama mtu mmoja ili wamsikie.

"Gunia la kwanza. Oveni, kumi na mbili nukta nane. Kifaa, kumi na mbili nukta tisa. La pili. Oveni, kumi na nne nukta mbili. Kifaa, kumi na nne nukta mbili."

La tatu, la nne, la tano. Nukta moja huku, nukta mbili kule. La sita lilimfanya mshonaji aume mita yake: tofauti nukta nne. Nusu haikufika. La saba, la nane, la tisa. Safu ya mkono wa Bwana Rudisha nayo ilisomwa, kwa haki, na ilikuwa imepatia sita kati ya tisa, si haba kwa nyama na mfupa.

"La kumi," akasema Mama Msimamizi, akainua miwani, akasoma upya moyoni. "Karani, kumi na sita. Kifaa, kumi na mbili nukta tisa. Oveni…" Akamtazama Fundi. "Kumi na mbili nukta nane."

Uwanja ulilipuka. Mama Kuku na jirani yake wa ukuta mmoja walikumbatiana wakasahau kwamba kila mmoja alimwibia mwenzake mahindi. Mshonaji alimnyanyua mkewe, Mkwe yumo kati yao kwenye mfuko wake, na wapakiaji wale wale waliocheka wiki tatu nyuma walikuwa wanapiga magunia kama ngoma.

Shangazi pekee hakuinuka. Alisubiri kelele zipungue.

"Kwa hiyo," akasema, "mahindi yanaweza kuwa na sura mbaya na yakawa makavu."

Hakumtazama mtu. Lakini Bwana Rudisha alisogea, akachuchumaa mbele ya kigoda ili kichwa chake kiwe chini ya cha Shangazi.

"Mama," akasema, "mwaka jana nilisoma vumbi. Sikusoma maji. Nisamehe."

"Nimekusamehe nusu," Shangazi akamjibu. "Nusu nyingine utaibeba mgongoni Jumatatu. Ni magunia kumi na manne."

Bwana Rudisha akainuka. Akaushusha mkono wa kulia wa shati, polepole, hadi kwenye kifundo. Ulikuwa mweupe kuliko shati zima, maana haukuwahi kuona jua. Akafunga kishikizo. Kisha akamnyooshea Fundi kiganja.

"Nifundishe kukishika."

Jumatatu ghala lilipofunguliwa, lori la Shangazi lilikuwa la kwanza. Mkwe alipita gunia kwa gunia mkononi mwa karani, na kila mara karani alitamka neno ambalo watu hawakulizoea kinywani mwake. Ingiza. Ingiza. Ingiza. Hadi kumi na manne, na ile nusu ya msamaha aliibeba kweli mgongoni. Nyuma ya lori, watu wa foleni walikuwa wameanza tena kumletea Shangazi punje tatu tatu kiganjani, wakati wanasubiri zamu.

Kwenye gunia la mwisho Fundi alimpa Shangazi amshike Mkwe mwenyewe. Shangazi alimkataza Fundi kusoma namba kwanza. Akatupa punje kinywani, akaisogeza kushoto, akafumba jicho moja.

Ka!

"Kumi na tatu," akatangaza.

Fundi akatazama kioo. "Kumi na tatu nukta moja, shangazi."

"Najua," akasema Shangazi, akimrudisha Mkwe kwenye mfuko na kumpapasa. "Hiyo nukta nimemwachia yeye. Mgeni hanyimwi kitu."